Fidia baada ya upasuaji: Muda haumngoji mgonjwa

MKAZI wa Changamwe anayetoka hospitalini na athari ya kudumu ambayo hakuitarajia anaweza kudai fidia, lakini sheria haimlipi kwa sababu tu ameumia. Sharti athibitishe uzembe, tena afike mahakamani kabla ya muda kwisha.

Sharti hilo la pili ndilo huwaponyoka wengi. Chini ya Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, kesi ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi hufunguliwa katika muda wa miaka 3. Dhidi ya serikali, Sura ya 39 inatoa miezi 12 pekee. Kwa kuwa hospitali nyingi za umma zilikabidhiwa serikali za kaunti baada ya ugatuzi kuanza 2013, aliyepasuliwa katika mojawapo ni heri ahesabu miezi 12. Mahakama huongeza muda katika hali maalum tu.

Athari pekee si uzembe

Kwa mfano, katika upasuaji wa rovu, mishipa ya fahamu inayoongoza sauti hupita karibu sana na tezi inayokatwa. Hata daktari stadi anaweza kuidhuru, na mgonjwa akabaki na sauti ya kukwaruza maisha yake yote. Kwa mwalimu wa Mikindani au mchuuzi wa Magongo, hiyo ni riziki iliyopotea.

Hata hivyo, mahakama huuliza kwanza iwapo daktari alitenda kama ambavyo mwenzake mwenye ujuzi wa kutosha angetenda. Ikiwa ndivyo, dai linaweza kuanguka.

Swali jingine ni iwapo mgonjwa alielezwa hatari hiyo mapema. Sheria ya Afya ya 2017 inataka aelezwe faida, hatari na njia nyingine za matibabu, kwa lugha anayoielewa. Nchini Uingereza, katika kesi ya Montgomery ya 2015, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mama mwenye kisukari ambaye hakuonywa kuhusu hatari ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na mwanawe akapata ulemavu. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, ila mawakili huweza kuutumia kujenga hoja.

Kutia saini fomu ya ridhaa, kwa hivyo, hakufuti uzembe.

Hatua za kufuata

Kwanza, mgonjwa aombe kwa maandishi nakala za rekodi zake zote, ikiwemo fomu ya ridhaa na maelezo ya upasuaji. Pili, atafute maoni ya daktari bingwa mwingine, kwani bila ushahidi wa kitaalamu ni vigumu kushinda. Tatu, atunze risiti zote. Gharama isiyothibitishwa hailipwi.

Anaweza pia kulalamika kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kazi kuu ya chombo hicho ni nidhamu. Fidia hutolewa na mahakama au hupatikana kwa maafikiano. La kuzingatia ni kwamba malalamiko hayo hayasimamishi saa ya kesi. Anayekaa akingoja uamuzi wa Baraza huenda akakuta mlango wa mahakama umefungwa.

Dai lisilozidi Sh20 milioni linaweza kusikilizwa na hakimu mkuu. La zaidi ya hapo huenda Mahakama Kuu. Fidia hugusa maumivu, matibabu yaliyopita na yajayo, pamoja na mapato yaliyopotea.

Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano kwamba wakili atalipwa tu kesi ikishinda, hivyo anayeahidi hayo aogopwe. Asiyejiweza anaweza kutafuta ushauri kwa Kituo cha Sheria, chenye ofisi Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Aende mapema, akiwa na tarehe ya upasuaji mkononi, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wakili atamuuliza.