Baina ya Magharibi na Isha: Taa Zetu na Amana ya Umeme

Jua linapotua, misikiti yetu huwashwa taa kwa ajili ya Swala ya Magharibi, na majumbani huwashwa vilevile. Saa hizo za jioni, hadi baada ya Isha, ndizo ambazo gridi ya Taifa hubeba mzigo mkubwa. Taa inayowaka bure wakati huo si jambo dogo.

Huenda mtu akasema: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, basi shida iko wapi? Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Lakini vijiji vinaendelea kuunganishwa, viwanda vinaongezeka, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Tena wingi wa neema hauhalalishi israfu.

Tufanye hesabu. Balbu ya kizamani ya wati 60 hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, ilhali taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana nayo. Nyumba yenye balbu 6 za kizamani, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 54 kwa mwezi. Kwa LED ni uniti 8 tu. Familia iliyo katika daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75, itaona kuwa balbu pekee zilikuwa zikila zaidi ya theluthi mbili ya fungu lake.

Msikitini jambo ni zito zaidi, kwani LUKU hununuliwa kwa sadaka, ikiwemo ya mama muuza vitumbua. Hiyo ni amana, nasi wanakamati tutaulizwa juu yake.

Mtume (S.A.W) alituamrisha tuzime taa tunapolala, akatutahadharisha na moto. Utambi umeondoka, adabu imebaki: taa iwake penye haja.

Basi tuanze na taa zinazowaka muda mrefu: sebuleni, uani, ukumbi wa swala na mahali pa kutawadha. Dukani tusitazame bei tu, tuulize na dhamana. Watoto nao tuwazoeze kuzima taa watokapo chumbani, wajue kuwa hilo pia ni katika dini yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru neema Zake kwa vitendo. Amin.