AK ya Nje na AK ya Marekani: Tofauti Yake Ilitoka Wapi

AK iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov iliingia rasmi katika jeshi la Umoja wa Kisovyeti mwaka 1949. Mwaka 1959 ikafuatwa na AKM, nyepesi zaidi, ambayo mwili wake ni bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lililokunjwa na kufungwa kwa ribiti, badala ya kuchongwa kutoka pande zima la chuma. Karibu kila bunduki inayoitwa AK leo imefuata AKM. Washirika wa Moscow walipewa michoro na msaada wa kuanzisha viwanda, ndiyo maana ipo AK ya Cugir nchini Romania, ya Radom nchini Poland, ya Kazanlak nchini Bulgaria na ya Maadi nchini Misri. China ilikuwa na yake, Type 56, ambayo wapiganaji wengi wa ukombozi wa kusini mwa Afrika waliibeba. Yugoslavia haikupewa michoro. Kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac kilijitafutia njia yake na kutoa M70, ambayo katika toleo la bati mwili wake una unene wa milimita 1.5.

Marekani haikuwa na kiwanda katika ukoo huo. Hata hivyo AK inauzwa huko madukani, tena kwa raia, na wanunuzi huigawa mafungu mawili: iliyoagizwa kutoka nje na iliyotengenezwa nchini. Zote mbili hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Bunduki za kufyatua mfululizo zilizotengenezwa baada ya Mei 1986 haziruhusiwi kuuzwa kwa raia.

Mtu wa Afrika Mashariki aliyehamia Marekani hukutana na suala hili bila kulitafuta. Wenyeji wengi hudhani kwamba kila Mwafrika anaijua AK, na humuuliza kuihusu kazini na kwenye sherehe za majirani. Dhana hiyo haina msingi na inaudhi. Nchini Tanzania na Kenya, bunduki ya aina hii ni ya askari, na raia anayekutwa nayo kinyume cha sheria hufikishwa mahakamani. Wapo wengi waliokulia Tanga, Kisumu au Mbeya na kufika utu uzima bila kuigusa. Nchi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua Jumamosi asubuhi ni hiyo hiyo ya muulizaji. Anayeulizwa ana haki ya kuwa na jibu, na jibu lenyewe limo zaidi katika sheria za Marekani kuliko katika historia ya Afrika.

Msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo, bunduki kutoka nje huruhusiwa kuingia kama inafaa kwa michezo, maana yake uwindaji na mashindano ya kulenga shabaha. Bunduki iliyotengenezwa ndani ya nchi haiulizwi swali hilo. Kwa miaka mingi kipengele hicho hakikuizuia AK, na zile za China, Misri na Hungary zilikuwa zikiingia. Mwaka 1989 serikali ya Rais George H. W. Bush ilizuia uagizaji wa aina 43 za bunduki za mtindo wa kijeshi kwa hoja kwamba hazifai kwa michezo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likaongeza sharti: ni kosa kuunganisha, kwa vipuri vya kigeni, bunduki inayofanana na ile iliyokatazwa kuingia.

Hapo ndipo kanuni ya kuhesabu vipuri ilipozaliwa. Serikali iliorodhesha vipuri 20, vikiwemo mwili, mtutu, komeo, kitako, mshiko na sehemu za kifyatulio, ikasema kwamba bunduki ya namna hiyo isiwe na zaidi ya 10 kati yake vilivyotoka nje. Siku hizi AK "ya Romania" huondoka Cugir ikiwa imepunguzwa umbo la kijeshi, ikiwa na nafasi nyembamba ya magazini ya safu moja ya risasi. Ikifika karakana ya Marekani, nafasi hiyo hupanuliwa ili ipokee magazini ya kawaida ya risasi 30, kisha vipuri kadhaa huondolewa na kuwekwa vya Kimarekani mpaka hesabu itimie. Inayouzwa kama bunduki ya nje, basi, ina kifyatulio cha Marekani, na mara nyingi mshiko na kitako cha Marekani pia.

Magazini yenyewe huhesabiwa kuwa vipuri vitatu: kasha, kisukuma risasi na kifuniko cha chini. Matokeo yake ni kwamba bunduki iliyo halali ikiwa na magazini ya Kimarekani inaweza kuvuka kikomo pale tu inapowekwa magazini ya Hungary. Hatari yake kwa mtu haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni chanzo cha kasha la bati. Ni vigumu kupata katika sheria za Afrika Mashariki, pamoja na kasoro zake zote, kanuni ya silaha inayojali asili ya kifuniko kuliko kazi ya bunduki.

Tofauti ya ufundi ipo, na ni ya kweli. Viwanda vya Ulaya Mashariki vilijengwa kwa mahitaji ya majeshi. Mtutu hufuliwa kwa nyundo za mashine na kwa kawaida ndani hupakwa kromu ili usishike kutu. Komeo, na kipande kinachoushika mtutu mbele ya mwili, ni vya chuma cha kufuliwa. Watengenezaji wa Marekani walianza kwa kuunganisha seti za vipuri vya bunduki zilizokatwakatwa huko Ulaya, zikiwa na mitutu yake. Mwaka 2005 serikali ilizuia mitutu hiyo isiingie, na watengenezaji wakalazimika kuwa na yao. Baadhi yao walitumia komeo na kishika mtutu vya kusubu, yaani vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo, kisipoandaliwa vizuri, huchakaa mapema, nafasi kati ya komeo na risasi huongezeka, na bunduki huwa hatari kwa mwenye kuishika. Sifa mbaya ya AK za Marekani ilianzia hapo. Baadaye wapo waliohamia chuma cha kufuliwa, na pengo likapungua.

Marufuku ya 1989 ilitokana na mauaji ya watoto. Tarehe 17 Januari 1989, mjini Stockton, California, mtu mwenye AK ya Kichina aliingia kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Cleveland akawaua wanafunzi watano na kujeruhi wengine wengi. Watano hao walikuwa wa familia za wakimbizi kutoka Kambodia na Vietnam, watu waliokimbia vita na kuiamini nchi mpya. Familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania kabla ya kufika Texas au Kentucky zina historia inayokaribia sana hiyo. Watoto wao leo hufundishwa shuleni kuzima taa, kujibanza pembeni mbali na mlango na kunyamaza, na wengine hulisimulia zoezi hilo nyumbani kwa Kiswahili kilichochanganyika, kama wanavyosimulia somo la hesabu. Mzazi aliyezoea shule ambayo kengele humaanisha mapumziko hana la kulinganisha.

Madaktari wa watoto nchini humo huwashauri wazazi waulize, kabla mtoto hajaenda kucheza nyumba ya rafiki, kama kuna bunduki na imefungiwa wapi. Kwa malezi ya Kiswahili swali hilo ni zito, kwa kuwa mgeni hamhoji mwenyeji wake. Hata hivyo linafaa kuulizwa, na mwenyeji mstaarabu haoni kama ametukanwa. Mwaka 2020 bunduki zilikuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 Marekani. Nyingi kati ya zinazoua ni bastola, wala si AK, na kwa mzazi jambo la kwanza ni kabati lililofungwa, bila kujali kilichomo kilifuliwa Kragujevac au Florida.

Mgawanyo wa nje na ndani ulizidi mwaka 2014, vikwazo juu ya Urusi vilipofunga mlango wa Saiga, bunduki za ukoo wa AK kutoka Izhevsk nchini Urusi, na kampuni ya Marekani ikaanza kutengeneza bunduki za jina la Kalashnikov. Mwaka 2023 majimbo ya Illinois na Washington yalipitisha sheria zinazokataza kuuza AK za kila namna kwa raia. Orodha zao zinaitaja bunduki yenyewe. Hesabu ya vipuri vya kigeni na vya nyumbani haimo.