Simu ya katekista na majira ya kompyuta

Mjomba wangu ni katekista katika kigango kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Jumapili moja wakati wa likizo alichelewa ibada kwa saa nzima, na baadhi ya waamini walikuwa wameshaanza kurudi makwao. Usiku simu yake ilinasa mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma, na alamu ya saa 12 asubuhi ikalia saa 1. Msumbiji na Malawi zimetangulia saa za dunia, yaani UTC, kwa saa 2. Tanzania imezitangulia kwa saa 3.

Mjomba aliisogeza mbele kwa mkono. Huku Mbuji nimekuta watu wakifanya vivyo hivyo kwenye kompyuta, na hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa. Darasani tunahangaika na Mtakatifu Augustino kuhusu wakati ni nini. Kompyuta nyingi zinahesabu tu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, kisha zinaongeza tofauti ya ukanda uliochaguliwa. Ukanda ukiwa wa Malawi nawe ukasogeza saa tu, umeharibu hesabu yenyewe: kikao cha mtandaoni cha saa 3 asubuhi kitaandikwa saa 2. Rekebisha ukanda kwanza. (Wapo pia wanaoirudisha nyuma kwa saa 6 ili isomeke Kiswahili. Jamani, hapana.)

Kwenye Windows usitafute Dar es Salaam, haimo; chagua Nairobi. Wengi huchagua Harare, Pretoria, ambao ndio ukanda wa Malawi. Kwenye Mac chagua mji wa hapa nchini. Kwenye Linux andika:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Mwenye Windows na Linux katika kompyuta moja ana kisa kingine. Linux huiachia saa ya ndani ya mashine UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, hivyo Windows inachelewa kwa saa 3 kamili. Wengi hudhani betri imekufa. Upande wa Linux andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Litatokea onyo, hasa kwa ajili ya nchi zinazobadili saa kwa misimu. Sisi hatubadili.

Simu ya mjomba nilizima upangaji wa saa wa mtandao, nikaiwekea Dar es Salaam. Akivuka mpaka kusalimia ndugu, atapunguza saa moja kichwani.