Saratani ya titi ilipomshika mume wangu

NIMEFANYA kazi ya udaktari kwa zaidi ya miaka 18, na kila wiki huwahimiza wanawake wajipime matiti yao. Hata hivyo, siku mume wangu aliponionyesha kivimbe kigumu nyuma ya chuchu yake ya kushoto, nilikigusa kwa kidole kimoja nikamwambia ni mafuta tu. Kwa haya, alikuwa tayari amekificha kwa muda mrefu. Baada ya jibu langu alikificha tena miezi minne, hadi nilipokuwa nikifua nguo nikaona doa la damu kwenye fulana yake.

Wasomaji wengi hawajui kwamba wanaume pia huugua saratani ya matiti. Ni nadra, katika kila wagonjwa 100, mwanamume ni mmoja hivi. Dalili zake ni uvimbe ambao mara nyingi hauumi, chuchu kuingia ndani, kidonda kisichopona, au chuchu kutoa majimaji au damu. Mwigizaji wa Marekani, Richard Roundtree, aliyevuma kwa filamu ya Shaft, aligunduliwa kuwa nayo mwaka wa 1993. Aliishi hadi 2023.

Katika kliniki ya matiti, karani aliita jina la mume wangu huku akinitazama mimi. Yeye alipoinuka, akina mama wote kwenye benchi waligeuka. “Mama watoto, twende nyumbani,” akaninong’oneza. Nilimshika mkono tukaingia.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nyama iliyokatwa kwenye uvimbe ilikuwa imepimwa maabara na kuthibitishwa kuwa saratani, nami nikaanza kuzungumza na daktari wa upasuaji kwa lugha yetu ya vitabuni. Mume wangu hakusema neno. Tukiwa garini aliniambia: “Leo nimekuwa na madaktari wawili, lakini sikuwa na mke.”

Tangu siku hiyo tulinunua daftari la shule. Maswali yaliandikwa ni yake, hata yale niliyojua majibu yake. Je, nitaweza kuinua gari kwa jeki? Watoto tuwaambie nini? Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kuandika majibu.

Kwa kuwa mwanamume ana nyama kidogo sana ya titi, kwa kawaida huondolewa titi lote pamoja na chuchu, na baadhi ya tezi za kwapani hupimwa. Alirudi nyumbani na mpira wa kutoa majimaji kifuani, na kila asubuhi tulipima kilichoingia kwenye chupa. Zoezi la kupandisha vidole ukutani, ili bega lisikauke, alilichukia. Nililifanya pamoja naye. Kovu ndilo lililokuwa gumu zaidi. Kwa wiki nyingi alilala na shati, nami sikumwomba alivue.

Sasa anameza tamoksifeni kila siku, dawa ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa miaka mitano au zaidi. Humletea joto la ghafla usiku, na inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mke akilijua hilo mapema, hatadhani amechukiwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kimbilia hospitali, kwa maana dawa hii inaweza kugandisha damu.

Jambo moja tulibishana. Saratani hii wakati mwingine hufuata ukoo, kwa hiyo nilitaka dada na ndugu zake waambiwe. Alikataa kwa miezi miwili, kisha akawapigia simu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Wiki iliyofuata mdogo wake alinipigia usiku. “Shemeji, hata mimi nina kitu kifuani.” Alikuja asubuhi, nikampima kwa makini pande zote mbili, kisha nikamtuma kwa daktari mwingine. Haikuwa saratani; dawa aliyokuwa akimeza ya shinikizo la damu ndiyo iliyokuwa imemvimbisha matiti.