Ndege ya Mgonjwa: Saa Moja Isiyokuwa Saa Moja

Simu yalia saa tano za usiku. Wewe uko Nairobi, na anayepiga ni ndugu yako aliye Bangale, katika kaunti ya Tana River: mkewe amejifungua salama, lakini damu haikomi. Wazo la kwanza ni ndege. Kutoka Nairobi hadi Garissa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 330, na ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Basi si mbali!

Hesabu hiyo, msomaji, ni ya ndege. Ya mgonjwa ni nyingine. Yeye hungoja ndege ije, ndipo aondoke nayo. Tayari ni saa mbili na zaidi za angani. Ongeza muda wa madaktari kuulizana hali yake, wa kupakia dawa na mitungi ya oksijeni, na wa gari kutoka Bangale hadi kiwanja ambako ndege itatua. Isitoshe, viwanja vingi vya vumbi havina taa, kwa hiyo safari ya usiku hungoja mapambazuko. Damu ya uzazi haingoji. Mama aliyekuwa mzima aweza kufariki kwa muda wa saa mbili hivi asipohudumiwa.

Kwa hivyo kinachomwokoa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu: sindano ya oksitosini, kukandwa mfuko wa uzazi, na maji ya mshipani. Dawa hiyo huharibika kwa joto, na joto la Tana River twalijua. Friji ya zahanati inapozimika, hakuna ndege iwezayo kufidia.

Hatusemi ndege haina faida. Madaktari wa angani wa AMREF, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, huruka kutoka uwanja wa Wilson na wamewafikia wengi ambao gari lisingewafikia. Watu wa Bangale hasa wanaijua haja hiyo. Wao wako magharibi ya Mto Tana, na hospitali kubwa ya Garissa iko ng'ambo. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, hospitali hiyo ilikuwa karibu kwa macho tu. Njia ya gari iliyobaki ilikuwa kugeuka kuelekea Mwingi.

Ukipigiwa simu kama hiyo, uliza kwanza kama mgonjwa amekwisha kufikishwa kwa mkunga au muuguzi. Kisha uliza alipo hasa, damu imeanza lini, kundi lake la damu ni lipi, na kama kiwanja ni kikavu. Walioko huko wawaondoe mbuzi na ngamia mapema. Rubani huzunguka juu kutazama kabla ya kutua, na asiporidhika, hatui.