Safari ya Msituni Hupangwa Nyumbani

Mwaka jana jamaa yangu, watu saba, tulitoka Kilosa kwenda kuona maporomoko ya Sanje. Nauli tuliipata kwa kuuza mahindi. Tukarudi bila kuyaona, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Wazazi, sikilizeni kisa hiki msije mkapoteza mahindi yenu bure.

Karibu nasi yako mapori mawili, nayo hayafanani. La kwanza ni Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Katika uwanda wa Mkata wako nyati, twiga, tembo na simba. Huko watu hutembea kwa motokaa. Barabara kuu ya Iringa hukata katikati, hata abiria wa basi huwaona wanyama dirishani.

La pili ni Milima ya Udzungwa, hifadhi tangu mwaka 1992. Msituni humo hamna njia ya motokaa. Kila mtu huenda kwa miguu yake. Maji ya Sanje huanguka mita 170 hivi. Tena yuko kima wa Sanje, asiyepatikana duniani ila katika milima hiyo. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu.

Basi, sisi tuliondoka saa mbili asubuhi. Tukapita Ulaya, tukangoja gari Mikumi, ndipo tukashika njia ya Ifakara. Tulipofika Mang'ula ilikuwa saa tisa alasiri. Kupanda Sanje na kushuka ni kazi ya saa nyingi, wala haifai kukutwa na giza msituni. Tukaambiwa turudi kesho. Fedha ya kulala hatukuwa nayo. Kitinda mimba wangu alilia mpaka Mikumi. Mama yake alisema neno moja tu: "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Ilitupasa kufanya hivi. Kwanza, kuchagua majira: Juni hadi Oktoba njia ni kavu, lakini wakati wa masika huteleza. Pili, kutenga siku mbili, kulala Mang'ula na kuanza kupanda asubuhi. Tatu, kuuliza ada na malipo ya kiongozi wa njia kabla ya kuuza hata debe moja. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, basi chukua kitambulisho. Nne, kuvaa viatu vilivyozoeana na mguu, kubeba maji na chakula, na kurudi na takataka zenu. Tano, kupima nguvu za kila mmoja, maana mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu. Bibi mwenye magoti mabovu asilazimishwe kupanda. Afadhali apelekwe Mikumi akaone tembo ameketi.

Mwaka huu tumeweka akiba tena. Tutalala Mang'ula, na kazi ya kutuamsha alfajiri amepewa yule kitinda mimba.