Pepo za Msimu na Wakati wa Kuizuru Mombasa Bara

Japani, iliyo mbali na ikweta, huugawa mwaka wake kwa joto na baridi, na anayekwenda huko hupanga safari kwa kuangalia maua ya miti ya cheri, ambayo mjini Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi, au majani yanayobadilika rangi mwezi Novemba. Mombasa, iliyo digrii nne tu kusini mwa ikweta, haina kigezo hicho, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya Machi, mwezi wa hari, na Julai, mwezi wa kipupwe, yaani majira ya ubaridi mdogo, ni ya digrii chache tu. Kinachougawa mwaka Likoni, Kisauni na Changamwe, sehemu za Mombasa zilizo bara, ni upepo.

Pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Disemba hadi Machi, wakati bara la Asia limepoa na hewa yake nzito inasukumwa kuelekea kusini, ilhali kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, wakati bara hilo hilo limepata joto, hewa yake imepanda juu, na hewa ya baharini inavutwa kwenda kujaza nafasi iliyoachwa. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alieleza kwamba kusi ina kiini chake, yaani mkondo mwembamba wa upepo wa kasi unaopita juu kidogo ya ardhi, ukavuka ikweta Afrika Mashariki na kuelekea India. Mkondo huo hufikia upeo wake Julai, na ndiyo maana mwezi huo bahari iliyo nje ya mwamba wa matumbawe huchafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, na fukwe za Bamburi na Shelly hujaa mwani.

Gharama ya kuupuuza msimu imeandikwa katika historia ya pwani hii. Msafara wa baharia Mreno Vasco da Gama uliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, ukafika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Lakini katika kurudi, uliingia bahari hiyo hiyo Oktoba, kabla kaskazi haijashika, ukakaa majini karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa matunda na mboga, hata chombo kimoja kikachomwa moto kwa kukosa watu wa kukiendesha. Manahodha wa pwani walikuwa na kinga dhidi ya kosa hilo, nayo ni hesabu ya mwaka wa jua wenye siku 365, unaoanza siku ya mwaka mpya iitwayo Nairuzi na kugawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumikumi, kwa sababu mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi, ni mfupi kwa siku 11 hivi na hauwezi kuonyesha upepo utageuka lini.

Mvua nazo huja pepo zinapopokezana, masika zikianza mwishoni mwa Machi na vuli zikinyesha Oktoba na Novemba. Hapa ndipo wageni kutoka Nairobi hukosea, kwani kwao Juni ni mwezi mkavu, lakini Mombasa mvua hufikia kilele Mei, na kusi huendelea kuleta manyunyu hata Julai. Vuli si za kutegemewa: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko ule wa mashariki, hasa mwaka wa El Niño, mvua hugeuka mafuriko, kama ilivyokuwa 1997 na 2023.

Kwa anayetaka kuzamia na kuona matumbawe, Januari na Februari ndiyo miezi yake, kwa kuwa ni mikavu na maji huwa maangavu, ingawa joto huwachosha wasiolizoea. Wengi huchagua Disemba kwa sababu shule zimefungwa, wakakuta vyumba ghali na foleni ndefu za feri ya Likoni, japo barabara ya Dongo Kundu sasa humwezesha anayetoka stesheni ya Miritini kwenda kusini bila kuvuka kivuko. Wakati unaostahili sifa kuliko unavyosifiwa ni Septemba hadi mapema Oktoba, kusi ikiwa imelegea, vuli hazijaanza, na joto halijapanda.

Mwezi ukishachaguliwa, hubaki kuchagua siku. Katika bamvua, yaani maji makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, ikawa nafasi ya anayetaka kutembea kuuelekea mwamba wa Bamburi, huku anayetaka kuogelea Shelly akingoja alasiri. Katika maji mafu, wiki moja hivi baadaye, saa hizo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kupwa alasiri, tena kwa kiasi kidogo.